USIMFICHE DAKTARI UGONJWA WA FIGO



Mwezi uliopita hapa Omurushaka nilimtembelea jirani yangu, mzee mkulima wa kahawa. Miguu yake imevimba. Anaugua figo. Ameambiwa aende Mwanza, katika hospitali ya Bugando, akapigwe picha ya tumbo. Akaninong'oneza, "Bwana Shamba, huko sitasema habari za figo. Nikisema watanirudisha."

Nikamjibu, "Mzee wangu, hapo utajiumiza." Mimi si daktari. Nilimweleza haya niliyojifunza kwa madaktari.

Ziko picha zinazohitaji dawa. Mgonjwa huchomwa sindano katika mshipa ili viungo vya ndani vionekane vizuri. Dawa ya picha ya siti skani ina madini joto. Madini hayo hutiwa pia katika chumvi tunayokula, lakini katika dawa hiyo ni mengi zaidi. Figo ndizo zinazoitoa dawa mwilini. Figo zikiwa dhaifu sana, dawa huweza kuzidhuru zaidi.

Je, dawa ibadilishwe? Mashine ya MRI hutumia dawa nyingine, yenye gadolini. Zamani madaktari waliiona kuwa salama kwa wagonjwa wa figo. Lakini mwaka 2006 madaktari wa Ulaya waligundua jambo. Baadhi ya wagonjwa wenye figo mbovu sana, waliochomwa dawa hiyo, ngozi yao ilikuwa ngumu. Viungo vyao vilikakamaa. Wengine walikufa. Siku hizi ziko aina za gadolini ambazo hatari yake ni ndogo sana.

Ni kama shambani. Ukibadili dawa ya wadudu, soma kibandiko upya. Dawa mpya nayo ina masharti yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa kupigwa picha, fanya hivi:

1. Mwambie daktari kama unaugua figo au kisukari. Mwonyeshe dawa zote unazotumia.

2. Uliza kama damu yako itapimwa kwanza, ili ijulikane figo zina nguvu kiasi gani.

3. Uliza kama picha ya ultrasaundi itatosha. Hiyo kwa kawaida haihitaji sindano ya dawa.

4. Usikatae picha kwa woga. Huenda ndiyo itakayookoa maisha yako. Daktari akijua hali yako, atachagua njia inayokufaa.

Mzee alikubali. Cheti chake cha kliniki amekifunga pamoja na nauli ya kwenda Mwanza.

Kuuliza si ujinga.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.