Kiboko Hali Samaki

Ndugu zangu waandishi chipukizi, leo nina ugomvi na nyie. Naanza na nyie kwa sababu mie ni mmoja wenu, na kosa nitakalolisema hapa nimelifanya mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watoto tisini.

Mwaka jana kikundi chetu hapa Babati mjini tulichangishana shilingi 150,000 tununue vitabu vya picha kwa darasa la pili la shule moja ya msingi ya serikali. Mie nikapewa kazi ya kuchagua. Eti kazi rahisi! Mwenzetu mmoja akadakia: "Kuchagua nini, bwana? Vitabu vya watoto si ni vile vile tu? Chukua vya bei rahisi, kwisha." Huyo ni mshairi, na mashairi yake huyapima neno kwa neno kama muuza dhahabu.

Mwingine akasema tusinunue kabisa, maana ofisini mwa walimu kuna maboksi ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Kweli yapo. Nikafungua moja. Jamani, vitabu vizuri! Karatasi inateleza, rangi zinameta, Kiingereza kitupu. Nikachukua kimoja cha mtoto anayengoja theluji dirishani, nikaingia nacho darasani, naonyesha picha huku natafsiri. Ukurasa wa tatu mkono ukanyooka: "Mwalimu, huo ni unga umemwagika?" Nikaanza kueleza theluji. Nilipomaliza, hakuna aliyekumbuka kama kulikuwa na mtoto dirishani.

Sisemi mtoto wa Babati asisome habari za theluji. Kilimanjaro si iko hapa hapa kwetu? Mtoto ana haki ya kufika popote kwa kitabu. Nasema hadithi inayopita kwa mkalimani anayekwama kila ukurasa haifiki. Na watoto wengi wa hapa Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, nyumbani wanaongea Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi. Leo umwongezee Kiingereza cha msimu wa baridi, halafu useme mtoto hapendi kusoma! Mtoa msaada alisafisha kabati lake, sisi tukaliita maktaba.

Basi nikageukia vya Kiswahili. Huko nako nina la kusema, tena hili ndilo linaloniuma zaidi. Vingi nilivyovishika vimeandikwa na mtu anayemwogopa mtoto. Sungura anaiba karanga, ukurasa wa pili anakamatwa, ukurasa wa nne analia na kuahidi kuwa raia mwema, na mwisho maswali matano: tumejifunza nini? Mtoto si mjinga. Akishajua kila hadithi ina mtihani mkiani, hacheki tena, anatafuta jibu. Niliwaona kwa macho yangu. Nilipofunga kitabu kimojawapo, kabla sijauliza kitu, darasa zima likaimba: "Tusiibeee!" Hata jina la sungura walikuwa wamelisahau.

Sasa lile kosa langu. Nina mswada wa kiboko wa Ziwa Babati. Kiboko amevaa shati la mikono mirefu, anakwenda gulioni, anarudi nyumbani anakaanga samaki na kula na wanawe. Rafiki yangu anayechora mabango ya maduka alinichorea picha, nami nilijiona nimemaliza kazi, nikaanza kuota jalada. Nikawasomea. Shati hakuna aliyelitilia shaka. Gulio, sawa. Wakacheka alipogombana na mwenye bajaji. Lakini nilipofika kwenye kikaango, binti mmoja wa dawati la nyuma akasimama: "Mwalimu, kiboko hali samaki. Anakula majani, usiku." Wengine wakaitikia. Mmoja akasema viboko walishamaliza mahindi ya shangazi yake.

Nikaona aibu, lakini pia nikaona jambo. Watoto wale walikubali kiboko avae shati, apande bajaji, abishane nauli. Hawakukubali ale samaki. Shati ni mchezo, na mtoto anaujua mchezo kuliko sisi. Samaki ulikuwa ujinga wangu, mtu mzima niliyezaliwa karibu na ziwa lile na sikuwahi kujisumbua kuuliza. Ningeketi chumbani na mswada wangu hadi leo nisingelijua hilo.

Mtasema: picha nzuri na utafiti vinahitaji pesa, mchapishaji wa hapa atazipata wapi? Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Uchapaji wa rangi kwa nakala chache ni ghali, na mzazi mwenye watoto wanne atanunua daftari kwanza. Ndiyo maana Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulipoanza mwaka 1991, uliwahakikishia wachapishaji kwamba utanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Na mfikirieni John Kilaka, mzaliwa wa Rukwa, achoraye kwa mtindo wa Tingatinga. Kitabu chake cha sokwe anayepeleka samaki sokoni kilitoka Uswisi, kwa Kijerumani, mwaka 2001. Mwaka 2005 kikatoka Kanada kwa Kiingereza. Wanyama wake wamevaa nguo za kwetu na soko ni la kwetu, na watoto wa Zürich waliwahi kukifungua. Hilo ni kosa la nani? La mchapishaji peke yake? Sisi tumewahi kukidai? Vijarida vyetu vimewahi kuhakiki kitabu cha picha hata kimoja? Tunahakiki riwaya ambazo hatujamaliza kuzisoma!

Wapo pia wanaosema picha zinamfanya mtoto mvivu wa herufi. Waje darasani. Mtoto aliyeona kwenye picha kwamba mbwa anaficha kitu mgongoni atahangaika na maneno mpaka ajue ni kitu gani.

Nilichofanya mwisho ni hiki. Kila kitabu nilikiegemeza ubaoni, nikaenda kukaa dawati la nyuma kabisa. Picha isiyoonekana kutoka pale, nikakiweka kando. Vilivyobaki nikavisoma kwa sauti, jicho langu kwa watoto. Wakianza kuchokozana, kando. Wakiinuka vitini, hicho. Nikapata vitano. Cha sita kilikuwa na maneno matamu kuliko vyote lakini mchoraji alikuwa amebadilisha sare ya msichana kila ukurasa, watoto wakadhani ni wasichana wanne. Nikakiacha, kwa uchungu.

Badala ya vitabu thelathini tofauti nikanunua hivyo vitano, nakala sita kila kimoja, kwa wastani wa shilingi 5,000 nakala. Makundi matano ya watoto kumi na wanane, watatu kwa nakala moja, wiki ikiisha makundi yanabadilishana. Mshairi wetu alinung'unika kwamba nimenunua vichache. Nikamwalika aje Jumatatu asome yeye. Hajaja.

Mswada wangu umerudi mezani. Babu wa yule binti ni mvuvi, nimeshampelekea salamu, Jumamosi nakwenda kumuuliza kiboko hufanya nini usiku.