Mafua ya ndege: Tusikimbilie kisu kuwahi kibudu

Yanapotajwa mafua ya ndege, wengi huuliza kama kuku wa pilau ya Ijumaa ni salama. Jibu ni jepesi: nyama na mayai yaliyoiva barabara hayana madhara, kwani moto huua virusi hivyo. Swali zito ni jingine: je, itakuwaje virusi hivi vikiweza kuenea kwa wepesi kutoka mtu hadi mtu?

Virusi vya H5N1 vilibainika kwa wanadamu mwaka 1997 huko Hong Kong. Watu 18 waliugua na 6 wakafariki. Tangu mwaka 2003, watu zaidi ya 900 wamethibitika kuugua duniani, na karibu nusu yao wamepoteza maisha. Mwaka 2024 virusi hivyo vilikutwa hata kwa ng'ombe wa maziwa nchini Marekani.

Idadi ya wagonjwa bado ni ndogo, kwa kuwa virusi hivi vimezoea zaidi miili ya ndege. Hata hivyo, kila mtu anayeambukizwa huvipa nafasi ya kubadilika. Vikikutana na mafua ya kawaida ndani ya mwili mmoja, vyaweza kuzaa aina mpya ambayo watu hawana kinga nayo. Hapo ndipo janga la dunia nzima huanzia.

Misri ni funzo kwetu. Tangu mwaka 2006 watu zaidi ya 350 waliugua huko, wengi wao kina mama na watoto waliohudumia kuku na bata wa nyumbani. Hatari haikuwa mezani, bali bandani na mahali pa kuchinjia na kunyonyolea. Nasi hatuko mbali: Januari 2017 Uganda ilithibitisha aina ya H5N8 kando ya Ziwa Victoria.

Katika nyumba zetu, kuku akianza kuzubaa, kisu hukimbiliwa ili asife kibudu. Kuokoa kitoweo hicho ndiko kunakoweza kuiangamiza familia. Kuku wanapokufa kwa wingi, wasiguswe kwa mikono mitupu, watoto watengwe nao, na bwana mifugo aarifiwe mara moja.

Serikali nazo zina wajibu wake. Mfugaji anayejua kuwa kuku wake watateketezwa bila fidia atawapeleka sokoni usiku. Anayelipwa haki yake hana sababu ya kuficha. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakutuondolei jukumu la kujihadhari, wala rizki ya mmoja haihalalishi madhara kwa jirani zake.