Hukumu Iko Minnesota, Mdaiwa Yuko Texas: Acheni Kumwambia Shangazi Avumilie

Niliacha chuo 2021 nikiwa mwaka wa pili. Mtaani wengine walisema ni bangi, wengine wakasema ni mambo ya wasichana. Ukweli ni kwamba karo yangu ilikuwa imekwama Texas.

Shangazi yangu, dadake baba, ni muuguzi Minnesota. Yeye ndiye alikuwa ananilipia karo. 2019 ndoa yake ilivunjika huko huko Marekani, na jaji akaamua mume wake amlipe dola 41,000, sehemu yake ya nyumba na akiba waliyochuma pamoja. Kwa hela zetu za wakati huo ni zaidi ya milioni nne. Huku nyumbani tulifurahi kama timu imechukua kombe. Miezi michache baadaye jamaa akahamia Texas, akabadilisha namba ya simu, kimya. Shangazi akabaki na kodi ya nyumba na deni la wakili. Karo yangu ikawa kitu cha kwanza kukatwa, na simlaumu hata kidogo.

Sasa hapa ndipo wengi wetu hukosea, na sisi tulikosea vibaya. Tunadhani ukishinda kesi, pesa itakuja yenyewe. Haiji. Korti inakupa karatasi inayosema unadai. Kumtafuta mdaiwa, kujua anafanya kazi wapi na anaweka hela benki gani, hiyo ni kazi yako. Jaji hatakupigia simu kuuliza kama umelipwa.

Na kosa la pili ni kudhani mtu akivuka mpaka wa jimbo deni linabaki nyuma. Marekani ina majimbo 50, kila moja na korti zake na sheria zake, kwa hivyo ni rahisi kuona kama hukumu ya Minnesota haina meno Texas. Lakini Katiba ya Marekani, Ibara ya 4, inalazimisha kila jimbo kuheshimu hukumu za korti za jimbo lingine. Deni linasafiri na mdaiwa. Kinachobaki ni wewe kulifuata.

Ajabu ni kwamba ushahidi tulikuwa nao nyumbani. Katika ile ile talaka, jaji aliagiza pia baba mtoto alipe matunzo ya kijana wao kila mwezi. Hiyo pesa haikukosa sana. Ilikatika miezi mitatu hivi alipohama, kisha ikarudi. Mbona? Kwa sababu matunzo ya mtoto yana njia yake. Tangu miaka ya 1990 serikali kuu ya Marekani ililazimisha majimbo yote kuwa na sheria moja ya matunzo yanayovuka mipaka. Agizo la kukata mshahara linaweza kutumwa kutoka Minnesota moja kwa moja kwa mwajiri wa Texas, na mwajiri anakata kabla mshahara haujamfikia mwenyewe. Kila jimbo lina ofisi ya serikali ya kufuatilia matunzo, kwa ada ndogo ama bila ada. Mtu akiwa na malimbikizo ya zaidi ya dola 2,500, anaweza kunyimwa pasipoti. Marejesho yake ya kodi pia yanaweza kuchukuliwa.

Mwanamume ni yule yule na korti ni ile ile, lakini hela ya mtoto ilikuja na hela ya mama haikuja. Tofauti ni kwamba moja ilikuwa na mtu wa kuifuata na nyingine ilikuwa imelala kwa droo.

Kwa nini ililala? Hapa nitawaudhi watu wa kwetu. Ililala kwa sababu yetu. Wazee wa pande zote mbili waliketi. Shangazi akaambiwa asimwaibishe baba wa mtoto wake. Akaambiwa aombe, avumilie, asubiri jamaa atulie kazini. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, kila akigusia korti mtu alikuwa anatuma ujumbe wa amani na mikono ya maombi. Miaka mitatu iliisha hivyo. Na hakuna hata mmoja wa hao washauri aliyejitolea kulipa kodi yake ya nyumba.

Sina shida na wazee. Katiba yetu ya Kenya, Kifungu cha 159, inatambua upatanisho, na talaka nyingi zingeisha vizuri watu wakizungumza. Lakini kuna kuzungumza kabla ya uamuzi, na kuna kutumia mazungumzo kumnunulia mdaiwa wakati. Baada ya jaji kuamua, anayesema "subiri kidogo" anachagua upande, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Tena wakati una bei. Hukumu ya kawaida ya pesa Minnesota huishi miaka 10, na usipoihuisha kabla muda haujaisha, umeipoteza. Huku wewe unasubiri, mwenzako anahamisha akaunti, anaandikisha gari kwa jina la mtu mwingine, anabadilisha kazi.

2022 shangazi alichoka. Usiku mmoja tukakaa kwa video, mimi Nairobi yeye Minneapolis, tukasoma karatasi zake moja moja. Mimi si wakili, hata digrii sina, lakini nilishangaa vile hatua yenyewe si ngumu. Unachukua nakala ya hukumu iliyothibitishwa na korti iliyoitoa. Unaipeleka kwa karani wa korti katika jimbo analoishi mdaiwa, pamoja na hati ya kiapo yenye anwani yako na anwani yake ya mwisho unayoijua. Mdaiwa anatumiwa taarifa. Anaweza kupinga, lakini si kwa kurudia kesi ya talaka. Anaweza kusema korti ya kwanza haikuwa na mamlaka juu yake, ama hakuwahi kuarifiwa kuhusu kesi, ama ashalipa. Akishindwa, hukumu ya Minnesota inakuwa kama imetolewa Texas.

Hapo sasa ndipo unahitaji wakili wa kule, kwa sababu sheria ya kukusanya ni ya jimbo alipo mdaiwa. Texas kwa mfano haikubali mshahara kukatwa kwa deni la kawaida. Inakubali kwa matunzo ya mtoto na matunzo ya mke au mume, lakini zile dola 41,000 zilikuwa mgao wa mali. Nyumba anayoishi mtu pia inalindwa sana. Ukisikia hivyo unaweza kukata tamaa. Lakini mshahara ukishaingia benki ulinzi huo unaisha, na korti inaweza kuamuru benki ishikilie akaunti. Ploti ambayo si makao yake inaweza kuwekewa zuio lisilomruhusu kuuza bila kukulipa. Na mdaiwa anaweza kulazimishwa kujibu maswali kwa kiapo: unafanya kazi wapi, una nini, kiko wapi.

Wakili alichukua theluthi moja ya kilichopatikana. Ni nyingi, ndiyo. Lakini theluthi mbili za kitu zinashinda hukumu nzima kwa droo. Akaunti ya kwanza iliposhikiliwa, jamaa alipiga simu mwenyewe wiki hiyo hiyo akitaka kulipa polepole. Wazee walijaribu miaka mitatu bila kupata simu hiyo.

Na kama mdaiwa amejenga huku? Hili liko karibu zaidi na sisi, maana tunajua majamaa wa ughaibuni walio na fleti Ruiru na madeni Marekani. Sheria ya Kenya ya kutekeleza hukumu za nje ina orodha ya nchi: Uganda, Tanzania, Rwanda, Malawi, Zambia, Ushelisheli, Australia na Uingereza. Marekani haimo. Huwezi kuileta hukumu ya Minnesota uisajili tu Milimani. Lakini mlango haujafungwa: 2016 Mahakama ya Rufaa ilisema hukumu ya nchi isiyo kwenye orodha inaweza kuwa msingi wa kesi mpya hapa, bila kuanza mabishano yote upya. Ni njia ndefu, ila ni njia.

Kwa hivyo ombi langu kwenu mnaosoma hii mkiwa na mama, dada, kaka ama rafiki aliyeshinda kesi ya talaka na hajawahi kuona shilingi. Ndiyo, hata kaka, kwa maana wanaume pia huachwa na madeni. Usimpe mahubiri. Muulize karatasi iko wapi, ilitolewa mwaka gani, na mdaiwa anaishi wapi leo. Msaidie kuandika anachojua: mwajiri, benki, gari, ploti. Haya mambo huwa rahisi kujua mkiwa bado mnaongea, na magumu sana baadaye.

Shangazi bado anadai karibu nusu. Juzi aliniuliza kama nataka kurudi chuo. Nikamwambia amalize deni lake kwanza. Akacheka, akasema mimi ndiye sehemu ya deni hilo.