Hawatoweki, Huuawa

Hapa Nyarusange simu moja yenye kisa cha kutisha hukusanya vijana wengi kuliko kitabu chochote nilichopata kuwapa. Siwalaumu, bibi zetu nao walitutisha kwa mazimwi. Ninachokipinga ni kuyaita “mafumbo” mambo ambayo majibu yake yamekwisha kusomwa mahakamani.

Tuchukue usemi huu wanaoupenda mno: nyamweru hafi, hutoweka.

Mtu mwenye ualbino amezaliwa na baba na mama ambao wote wawili wamebeba hitilafu ya kurithi, mara nyingi bila kujua. Ngozi yake imepungukiwa na rangi ya kuikinga na jua. Mlimishe vilimani kwetu tangu asubuhi, bila kofia wala mafuta ya kukinga ngozi, naye atakuwa katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Wengi hufa hivyo kabla ya kuzeeka. Watu huwaona vijana, wazee hawawaoni, basi husema wametoweka!

Sasa utazame usemi huo kazini. Kiumbe anayetoweka hana kaburi, hana shahidi, hana wa kumdai. Mwaka 2008 mauaji yalipoingia katika mikoa yetu ya mpakani, viungo vya waliouawa vilivushwa kwenda kuuzwa Tanzania, kwa waganga walioahidi samaki kwa mvuvi na dhahabu kwa mchimbaji. Mwaka 2009 mahakama ya Ruyigi iliwatia hatiani watu kadhaa, mmoja akafungwa maisha. Mwaka huohuo, ng’ambo ya mpaka, watu watatu walihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mvulana. Hapo jini yuko wapi? Naona muuaji, mchukuzi, mganga na bei. Mnunuzi tajiri, ambaye bila fedha zake biashara hiyo isingekuwapo, ni nadra kumwona kizimbani, na hakuna kinachomfaa zaidi kuliko sisi kukaa tukinong’ona habari za mizimu.

(Hata yule mamba wa Rusizi tumemtendea vivyo hivyo. Yeye ana jina, Gustave, na sinema ya Marekani ya mwaka 2007 ilimchukua awe kioja chake. Taja basi jina la mvuvi mmoja tu aliyeliwa mtoni humo.)

Wapo watakaoniambia kwamba hadithi ni hadithi, haiui mtu. Lakini mtoto aliyefundishwa kwamba jirani yake ni kivuli, siku jirani huyo akikosekana shuleni ataingoja miujiza badala ya kumwita mkuu wa kilima na polisi.

Wauaji wenyewe hawauamini usemi huo hata kidogo. Wanajua kwamba nyamweru hufa na huzikwa kama sisi, na wapo wanaofukua makaburi usiku kutafuta mifupa. Ndiyo sababu familia nyingine huwafunika wafu wao kwa saruji.