Mstari Hafifu Si Kosa la Dada, ni Kosa la Fundi

Leo sina simu mpya ya kuwachambulia. Leo nina hasira, tena hasira ya kikazi, na aliyenipandisha ni kijikaratasi: kipimo cha mimba.

Huku kwetu Kibugu, Embu, watu wanakinunua kimoja kimoja, mara nyingi bila maelezo. Yakiwepo, ni Kiingereza cha herufi za sisimizi. Dada wa watu anabaki chooni na mstari wa pili usioeleweka, anapiga picha, anamtumia jamaa wa kompyuta: "Kaka, hii ni miwili ama ni mmoja?" Picha niliyotumiwa mimi ilipigwa karibu saa mbili baada ya kupima. Hapo hata daktari hana la kukuambia.

Sisi waandishi wa programu tukitengeneza kitu chenye majibu manne halafu tumwonyeshe mtumiaji mawili, tunatukanwa, na ni haki yetu. Kipimo hiki kina manne. Mstari wa kudhibiti usipotokea, kipimo kimeharibika, tupa. Ukitokea peke yake, homoni ya hCG haikuonekana. Pengine umepima mapema mno. Mstari wa pili wenye rangi, hata hafifu, ukitokea ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida ni mimba. Wa nne ndio mchawi: mstari wa kijivu usio na rangi, unaojitokeza baadaye mkojo ukishakauka. Huo si jibu, ni alama ya maji kukauka tu.

Dawa ya utata ni kurudia. Mwanzoni mwa mimba hCG huongezeka takriban maradufu kila siku mbili au tatu, kwa hiyo ngoja siku tatu, tumia kipimo kipya na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Bado hueleweki? Nenda hospitali upimwe damu. Na ukiwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo chini, au unavuja damu, usingoje siku tatu, nenda leo. Mimba iliyotunga nje ya kizazi inaua.

Kuna watakaosema nunua cha dijitali. Jamani! Septemba 2020 fundi mmoja wa Marekani, Foone, alikipasua kimoja, na ndani akakuta nini? Karatasi ile ile, na vitaa na vihisi vya mwanga vinavyoisoma, pamoja na betri. Baada ya kusomwa, vyote takataka. Angalau kinakuondolea kukodoa macho, lakini unalipia macho, hulipii kipimo bora.

Wala msinitajie programu za kukoleza rangi za picha. Ukikoleza vya kutosha, hata ukuta mweupe utapata mimba.

Ninachodai ni kidogo: picha nne juu ya pakiti, dakika kwa tarakimu kubwa, na sentensi mbili za Kiswahili. Wino wake hautamfilisi mtu.