Imeiva au Haijaiva? Kisanduku Kimoja Kilichozua Ubishi Jikoni

Haya wasomaji, leo hakuna msimbo. Leo ni nyama. Waliokuja kutafuta mwendelezo wa makala ya hifadhidata wanivumilie, itakuja.

Nimekuwa nikitafsiri mfumo huria wa kuagizia chakula kwa ajili ya hoteli mbili za mwenyewe mmoja. Moja iko Migori mjini, kando ya barabara kuu inayoteremka kwenda Isebania, nyingine iko Homa Bay karibu na ziwa. Kazi yenyewe ni ya kuchosha tu: faili ndefu, kushoto maneno ya Kiingereza, kulia unajaza Kiswahili. Lipa. Ghairi. Ongeza sahani. Nilikuwa nakwenda mbio mpaka nikafika kwenye kisanduku cha steki. Kisanduku hicho kinamtaka mteja achague ngazi moja kati ya tano za kuiva, kuanzia ile ambayo ng'ombe bado anaweza kukujibu ukimwita, hadi ile iliyokauka kama soli ya kiatu.

Tano! Kiswahili kina neno moja. Nyama imeiva au haijaiva, na neno hilo ndilo tunalotumia kwa embe. Isiyoiva ni mbichi, basi. Kijaluo nacho ni vivyo hivyo: ring'o ochiek, au pok ochiek. Kwa lugha ya kazi yangu, hicho ni kigeu chenye thamani mbili tu, kweli na si kweli, nami nilikuwa naombwa nikipe thamani tano. Wafaransa wana bleu, saignant, à point na bien cuit, na kila mhudumu wa Paris anayajua. Sisi utajiri wetu wa maneno uko kwingine. Ukiketi katika hoteli yoyote kati ya Rongo na Isebania, mhudumu hakuulizi nyama iive kiasi gani. Anakuuliza choma, ya kuchemsha au ya kukaanga; kavu au ya mchuzi; yenye mfupa au bila mfupa. Hiyo ndiyo menyu yetu ya kuiva, na haina hata ngazi moja ya wekundu.

Ningeweza kutunga maneno matano ya uongo nikaendelea na kazi. Watafsiri wengi hufanya hivyo. Lakini kumbe kisanduku kile tayari kilikuwa kimegombanisha watu jikoni. Mwenye hoteli amekaa Nairobi miaka mingi na anawataka wageni wanaokwenda Mbuga ya Ruma, watu wa mashirika, na vijana wanaotazama video za upishi kwenye simu. Kwake yeye, nyama iliyoiva hadi ndani kabisa ni ushamba. Mpishi wake wa Homa Bay, mama wa makamo, hataki hata kusikia. Nilipomwonyesha kisanduku kwenye tarakilishi alinitazama kwa huruma.

"Injinia, mtu akipelekewa nyama inayotoka damu, kesho akiharisha atataja jina la nani? La hii mashine yako?"

"La hoteli, mama."

"La mpishi, kijana wangu."

Swali zuri. Nimelisoma na kulipima, na maoni yangu ni kwamba wote wawili wanabishania nambari bila kuuliza kwanza kilichoingia. Unaweza kuwa na programu nzuri namna gani, ukiilisha data mbovu itakutolea ubovu. Sufuria ni vivyo hivyo.

Kwanza tuliondoe neno damu. Damu ya ng'ombe humwagika machinjioni. Maji mekundu unayoyaona kwenye sahani ni maji ya msuli yenye mayoglobini, protini inayotunza oksijeni ndani ya nyama na ambayo ina rangi nyekundu. Nyama ikifika kama nyuzi 60 huanza kupauka, ikipita 70 inakuwa ya kijivu au hudhurungi. (Jirani zetu Wamaasai wa upande wa Trans Mara, ambao kimila wamekunywa damu yenyewe, wangewacheka wanaoiita steki ya waridi nyama yenye damu.) Kwa hiyo mpishi amekosea jina la kitu. Woga wake, hata hivyo, una msingi, tena wenye nguvu kuliko mwenye hoteli anavyodhani.

Hoja ya wapenda nyama ya waridi ni hii: bakteria wa nyama nzima, isiyosagwa, wako juu juu, pale kisu na mikono vilipogusa. Ukichoma uso wote kwa moto mkali umewaua, na ndani hamna neno. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana idara ya kilimo ya Marekani inapendekeza nyuzi 63 katikati kwa kipande kizima, halafu nyama ipumzike dakika 3, lakini kwa nyama ya kusaga inataka nyuzi 71. Ukisaga, kilichokuwa nje umekiingiza ndani. Mwaka 1993 mikahawa ya Jack in the Box huko Marekani iliuza hambaga ambazo hazikuiva vizuri, zikiwa na bakteria aina ya E. coli O157:H7. Watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 wakafa. Kwa hiyo nyama ya kusaga haina mjadala, awe mla ni profesa au nani.

Ila hoja hiyo ya uso imetungiwa nchi nyingine. Huku kwetu kuna mgeni asiyekaa juu: tegu wa ng'ombe. Mabuu yake hujificha katikati ya msuli ndani ya vifuko vidogo, na uchome uso unavyotaka, humfikii. Mkaguzi wa nyama hukata misuli ya taya, ulimi na moyo akivitafuta, kisha ndipo anapiga muhuri. Anafanya kazi ya maana, lakini ng'ombe mwenye vifuko vichache anaweza kupita bila kuonekana, na hilo si siri miongoni mwa madaktari wa mifugo. Waulize Wahabeshi. Wao hula nyama mbichi kwa fahari, kitfo na ile ya vipande, na kwa karne nyingi wamekuwa na dawa ya tegu kutokana na maua ya mti wa koso. Jamii ikila nyama mbichi, ni lazima iwe na dawa ya minyoo. Sisi tulichagua moto.

Habari njema ni kwamba mabuu hayo hayawezi kustahimili nyuzi 60. Tazama sasa: nyuzi 63 katikati ni nyama iliyo na uwaridi kidogo, na tegu amekufa, na bakteria wa juu wamekufa. Ngazi mbili za mwanzo za kile kisanduku, zile za nyama baridi na nyekundu katikati, ndizo zenye hatari ya kweli huku kwetu. Hapo mama ameshinda. Lakini kuanzia ngazi ya tatu kwenda juu, mwenye hoteli hajasema jambo la ajabu.

Na mama ana deni lake. Kipimo chake ni rangi ya nje, na rangi ya nje ni mwongo mkubwa. Paja nene la mbuzi juu ya makaa makali linaweza kuwa jeusi nje na ndani lingali vuguvugu. Hata rangi ya ndani haiaminiki kabisa, kwani nyama ya kusaga inaweza kugeuka hudhurungi kabla ya kufika nyuzi 71. Kipimajoto cha jikoni, kile chenye sindano, ndicho pekee kisichobishana na mtu. Jikoni za hoteli zote mbili nilikuta simu nne za kisasa na sikukuta kipimajoto hata kimoja.

Nguruwe nimemtenga makusudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu nguruwe wa Homa Bay ulikuta, kwa kipimo cha damu, karibu theluthi moja wakionyesha maambukizi ya tegu wa nguruwe. Huyu si kama yule wa ng'ombe. Mtu akila nyama yenye mabuu hupata tegu tumboni, na mayai yanayotoka kwake yakiingia kinywani mwa mtu yeyote, kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa, mabuu yanaweza kwenda kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Yaani anayekula vibaya ni mmoja, na anayeanguka kifafa anaweza kuwa mtoto wa jirani ambaye hajawahi kuonja nguruwe. Katika mfumo niliouacha, nguruwe hana kisanduku cha kuchagua chochote.

Sasa tuje kwa ng'ombe mwenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Steki ya waridi unayoiona kwenye video inatoka kwa ng'ombe mchanga, aliyenoneshwa kwa nafaka, ambaye hakuwahi kutembea mbali, na nyama yake ikatundikwa kwenye baridi ya karibu nyuzi sifuri hadi 4 kwa wiki mbili hivi. Katika siku hizo vimeng'enya vya nyama yenyewe huzikatakata nyuzi za msuli zikalainika. Ng'ombe wetu ni zebu. Mara nyingi amezeeka, amelima, amekula nyasi za kando ya barabara, na amepelekwa mnadani kwa miguu. Amechinjwa alfajiri, saa nne ametundikwa buchani, saa saba yuko sahani. Na bucha haimgawi kwa misuli. Panga linashuka popote, mfupa na yote.

Nyama ya namna hiyo ina kolajeni nyingi, ile gundi ya kano, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo gundi hiyo inavyokaza. Kolajeni haiyeyuki haraka. Inataka nyuzi 70 kwenda juu, tena kwa saa kadhaa, ndipo igeuke ule utelezi mtamu wa mchuzi. Nyuzi za msuli zenyewe zinafanya kinyume: zikipita 65 zinajikunja na kukamua maji yake. Kwa hiyo kuna bonde katikati. Nyama ya zebu mzee ukiitoa kwenye nyuzi 63 ni mpira, unatafuna hadi taya ziombe likizo. Ukiitoa kwenye 75 upesi upesi ni mpira mkavu. Lazima uvuke bonde lote, ufike ng'ambo ya pili ambako gundi imeyeyuka. Wajaluo walilivuka zamani bila kipimajoto: athola huchomwa kwanza ipate harufu ya moto, kisha inatokoswa polepole, aliya hukaushwa juani kisha ndiyo inapikwa. Anayeita hiyo nyama iliyopikwa kupita kiasi hajui anachokula. Upishi huo uliundwa kwa ajili ya ng'ombe huyu, na unamfaa kuliko upishi wowote wa Paris.

Basi niliwaandikia pendekezo, na nililipigania kwenye simu kwa saa nzima. Swali la kwanza kwenye mfumo liwe ni kipande gani, la pili ni namna ya kupika. Kisanduku cha kuiva kisionekane kabisa isipokuwa mteja amechagua sarara, ile nyama laini ya mgongoni. Hapo atapata chaguo tatu kwa maneno anayoweza kuyaona kwa macho: waridi katikati, waridi kidogo, hakuna waridi. Skrini ya jikoni haionyeshi maneno hayo. Inaonyesha nyuzi 63, 66 na 72. Ya kusaga, ini, kuku na nguruwe hazipewi chaguo. Kuku ni 74, mwisho wa habari.

Mpishi alikubali siku hiyo hiyo, kwa sharti kwamba hoteli inunue vipimajoto viwili kabla mfumo haujawashwa. Mwenye hoteli ndiye aliyenuna. Anasema nimemwondolea ngazi mbili ambazo wageni wake wameshazizoea huko Nairobi. Nikamwambia sikuziondoa mimi, limeziondoa jokofu ambalo hana. Akitaka kuuza nyama nyekundu katikati, anunue sarara ya ng'ombe mchanga kutoka kwa muuzaji anayemwamini, aigandishe siku za kutosha kuua mabuu, kisha awe na baridi isiyoyumba.

Na hapo kwenye baridi isiyoyumba ndipo penye kazi, maana Migori stima hupotea bila kuaga. Jokofu la kulainishia nyama likizimwa usiku kucha, hujui lilifika nyuzi ngapi wala kwa saa ngapi, na asubuhi likiwaka tena linaonekana halina hatia. Kwa hiyo amekubali jambo moja: tunaweka kihisi cha DS18B20 ndani ya jokofu la Homa Bay, kimeunganishwa na bodi ndogo yenye betri, kirekodi joto kila dakika 5 na kumtumia ujumbe kikipita nyuzi 5. Kihisi hicho ni cha bei nafuu, na kati ya nyuzi -10 na 85 hukosea kwa nusu nyuzi tu, kinatosha kabisa. Grafu ya wiki ya kwanza ikipatikana nitaiweka hapa pamoja na msimbo wake.