Megatron aliacha akiwa na miaka 30, na alifanya poa

Wacha niseme kitu wengi wenu hamtapenda. Hii maneno ya "mvumilivu hula mbivu" imetumiwa vibaya sana. Mara nyingi anayekuambia uvumilie ndiye anayengoja kula hiyo mbivu. Ushahidi wangu ni jamaa mmoja wa Detroit anaitwa Calvin Johnson, yule waliyembatiza Megatron.

Kama hufuatilii futiboli ya Marekani, fikiria raga, lakini hapa unaruhusiwa kurusha mpira mbele. Nyuma kuna mrushaji. Mbele kuna wapokeaji, wanachomoka mbio na kuudaka hewani huku mabeki wakija kuwagonga kwa nguvu zote. Calvin alikuwa mpokeaji. Futi 6 na inchi 5, mbio za ajabu, mikono kama gundi. Ulikuwa unamwekea mabeki wawili na bado anaruka juu yao anauchukua. Zile klipu zake mmeziona, hata kama hukujua ni nani.

Detroit Lions walimchukua mwaka wa 2007, akiwa chaguo la pili kati ya vijana wote waliotoka vyuoni mwaka huo. Msimu wake wa pili, 2008, timu ilipoteza mechi zote 16. Zote! Walianzisha warushaji watatu tofauti msimu huo na hakuna aliyeokoa jahazi. Na katikati ya hiyo aibu, Calvin alifunga tachidauni 12.

Halafu ukaja 2012. Alipata yadi 1,964, karibu kilomita 1.8 za kudaka na kukimbia kwa msimu mmoja, akavunja rekodi ya Jerry Rice ya yadi 1,848 iliyokuwa imekaa tangu 1995. Mwaka 2021 Cooper Kupp alicheza mechi 17, moja zaidi ya zile 16 za Calvin, na bado alipungukiwa na yadi 17. Sasa uliza Lions walimaliza vipi huo msimu wa rekodi. Walishinda mechi 4, wakapoteza 12.

Hapo ndipo shida ilipo. Mtu anaweza kuwa bora duniani kwa kazi yake na bado nyumba anayoibeba inaanguka. Kwa miaka 9 Calvin alifika mechi za mtoano mara mbili, na mara zote mbili wakatolewa mechi ya kwanza. Moja ya hizo, dhidi ya New Orleans, alidaka yadi 211. Angefanya nini zaidi, ajirushie mpira mwenyewe?

Wakati huo wote mwili ulikuwa unalipa. Vidole, goti, kifundo cha mguu. Baadaye alieleza waziwazi kwenye runinga jinsi dawa za maumivu zilivyopatikana kirahisi kwa wachezaji, ndio waweze kurudi uwanjani. Machi 2016 akasema imetosha. Miaka 30. Bado alikuwa na mkataba, na msimu aliotoka kuumaliza alikuwa amepita yadi 1,000.

Watu wakasema amekata tamaa, amewaacha mashabiki, hana hata pete ya ubingwa. Na Lions je? Walidai awarudishie sehemu ya pesa aliyopewa wakati wa kusaini. Ukisaini, timu inakupa donge mapema lakini kwenye vitabu inaligawa kwa miaka ya mkataba. Ukiondoka kabla, wana haki ya kudai ile sehemu ya miaka ambayo hujacheza. Alirudisha zaidi ya dola milioni 1. Kisheria walikuwa sawa, sibishani. Lakini huyu ndiye aliyewabeba msimu wa kupoteza mechi 16! Alikasirika, na akakaa mbali nao kwa miaka.

Kabla mniambie angevumilia kidogo, muangalieni Matthew Stafford, mrushaji aliyekuwa naye tangu 2009. Yeye alivumilia Detroit miaka 12 bila kushinda hata mechi moja ya mtoano. Mwaka 2021 akahamia Los Angeles Rams, na msimu wake wa kwanza tu huko akashinda Super Bowl. Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni nyumba.

Najua mtaniambia nini. "Buda, huyo alikuwa amelipwa zaidi ya dola milioni 100. Mimi nikiacha kazi leo, kesho landilodi ako mlangoni." Ni kweli, na singemwambia mtu yeyote aache kazi kesho kwa sababu ya posti. Lakini kitu nachukua kwa Calvin ni hesabu aliyopiga. Alijua mwili wake unadai nini, akajua mkataba wake unasema nini, akaamua kabla wengine wamuamulie. Hiyo hesabu hata wewe wa mshahara mdogo unaweza kupiga. Soma kile unachosaini. Jua ukiondoka utadaiwa nini. Na mtu akikwambia "kaza, sisi ni familia", angalia kama kuna siku hiyo familia imekaza kwa ajili yako.

Na kuacha hakukumfutia chochote. Mwaka 2021 aliingia Pro Football Hall of Fame mara ya kwanza tu jina lake lilipopigiwa kura, akiwa na tachidauni 83 na bila ushindi wa mtoano hata mmoja. Wapiga kura waliangalia kazi, hawakuangalia ni miaka mingapi aliteseka. Hata Lions wenyewe walipatana naye, na 2024 wakamtunuku heshima ya klabu mbele ya mashabiki wao. Wale wale waliomdai.

Kwa hivyo mkiona klipu yake tena na mtu ameweka maneno ya "usiwahi kuacha" chini yake, mkumbusheni huyo jamaa aliacha. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Nyinyi mnaonaje? Alikuwa na deni na Detroit, ama Detroit ndio walikuwa na deni lake?